UZI: Mboga za majani kila siku na bado damu iko chini? Tuongee kuhusu madini chuma

Mleta mada

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe limeingia mpaka sebuleni kwangu.

Mimi ni mtu wa maabara, huku Temeke. Miaka yote hii kazi yangu ni kuchoma watu vidole na kusoma wingi wa damu. Akina mama wa kliniki wanawahi foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, kadi mkononi, na ikifika saa nne nimeshaandika 8.9, 9.6, 10.1, 7.8. Naandika namba za aina hiyo mara nyingi kuliko ninavyoandika 12. Mjamzito tunataka awe na gramu 11 au zaidi kwa kila desilita ya damu, mwanamke asiye na mimba 12, mwanaume 13. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa 58 katika kila 100.

Mdogo wangu wa mwisho alikuja kukaa kwangu akiwa na mimba ya miezi mitano. Baada ya siku chache nikaona kopo la mchele linapungua na wali hatujapika. Kumbe anautafuna mbichi akiangalia tamthilia. Mama akasema mimba ndivyo zilivyo, yeye mwenyewe alikula udongo kwa mimba zake zote. Nikakubali, nikapita zangu. Wiki tatu baadaye kadi ya kliniki ikarudi na 8.4.

Kazini ni mimi ninayewaambia wajawazito kwamba hamu ya mchele mbichi, udongo, zile pemba za udongo zinazouzwa sokoni au barafu hufuatana sana na upungufu wa madini chuma, na anayeiona asikae kimya. Nyumbani kwangu nimeiona na nimekaa kimya. Imeniuma.

Mama alipoona kadi akasema: "Lakini huyu mtoto mboga anakula!" Kweli anakula. Matembele, mchicha, kisamvu, kila siku ya Mungu. Ila kila sahani ya ugali na matembele ilikuwa na kikombe kikubwa cha chai ya rangi pembeni. Kwetu chai na chakula havitengani.

Ngoja nieleze chuma kinavyofanya kazi mwilini, halafu mtaona kwa nini kile kikombe kinanikosesha raha.

Mtu mzima ana chuma kama gramu 3 hadi 4 tu mwili mzima, uzito wa msumari mdogo. Theluthi mbili hivi imo kwenye himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kilichobaki kinafanya kazi kwenye misuli, kwenye ubongo, na ndani ya kila seli pale chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu. Ndiyo maana mtu mwenye upungufu hachoki miguu peke yake. Mawazo nayo yanachoka, mtoto darasani anashindwa kutulia, mama anapanda ngazi tatu moyo unadunda kama amekimbia.

Chembe nyekundu moja inaishi siku 120 hivi. Ikizeeka inabomolewa kwenye bandama na ini, na chuma chake kinarudishwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, kutengenezea chembe mpya. Mmewaona vijana wanaopita mitaani na mikokoteni wakinunua vyuma chakavu? Mwili una vijana wake wa namna hiyo, hawalali. Kila siku unahitaji chuma miligramu 20 hadi 25 kutengeneza damu, na karibu yote inatoka kwenye hicho chakavu. Chakula kinaleta miligramu 1 au 2 tu za kufidia kinachopotea.

Kwa hiyo ukisikia mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku kwenye chakula, mjamzito 27, mwanaume 8, ujue hicho ni kiasi cha sahani. Kinachopenya mpaka kwenye damu ni sehemu ndogo yake. Chuma cha nyama, ini, samaki na dagaa hupenya vizuri, kama asilimia 15 hadi 35. Cha mboga, maharage na nafaka kinaweza kuwa asilimia 2, kinaweza kufika 20, kutegemea umekila na nini.

Na sasa chai. Ina tanini, na tanini inakishika chuma cha mimea tumboni kabla utumbo haujakifyonza, kinapita kwenda chooni. Majaribio kwa watu yameonyesha chai ikinywewa pamoja na mlo inapunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kuweka maziwa hakusaidii. Kahawa nayo imo, ingawa hapa Dar wengi tunainywa jioni kijiweni, mbali na chakula, hiyo haina shida.

Vitamini C inafanya kinyume. Inakigeuza chuma cha mimea kuwa katika hali ambayo utumbo unaipokea. Kamua ndimu kwenye matembele. Kula pera baada ya wali maharage (pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa, na sokoni ni bei ya chini). Juisi ya ubuyu. Kachumbari yenye hoho mbichi. Ila ndimu usiichemshe na mboga, vitamini C haipendi moto. Ikamulie mezani.

Maharage, choroko na nafaka zisizokobolewa zina kitu kingine, faiteti, nacho kinashika chuma. Dawa yake bibi zetu waliijua bila maabara: kuloweka, kuotesha kimea, kuchachua. Togwa ya kimea cha ulezi inakuachia chuma kingi kuliko uji wa ulezi uleule uliosagwa mkavu. Naona siku hizi unga wa lishe unachanganywa nafaka nane, karanga na soya, vyote vikavu, na mama anaamini mchanganyiko ukiwa mrefu ndiyo bora. Bora aina mbili au tatu zilizolowekwa na kuoteshwa kabla ya kusagwa.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Kijana wa Tandika

Mkuu asante kwa uzi. Mbona hujagusa bitiruti na rozela? Mtaani kwetu mjamzito akiambiwa damu ndogo, siku hiyohiyo blenda inaunguruma.

Mleta mada

Nilijua litakuja, na mdogo wangu naye alinunuliwa bitiruti za kutosha. Wekundu wa bitiruti unatokana na rangi ya mmea, hauna undugu na damu. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kisichofika miligramu 1. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina zaidi ya mara mbili ya hapo. Ini la kuku gramu 100 linakaribia miligramu 10. Rozela ina uchachu mzuri lakini usiitegemee itibu. Hayo ni matunda na mboga, kunywa ukipenda. Kinachonitisha ni mama mwenye 7 anayekaa mwezi mzima nyumbani na jagi la juisi nyekundu, akiamini rangi inahamia kwenye mishipa. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kupoteza.

Kwa pesa ya bitiruti mbili nunua dagaa. Na kuhusu ini, mjamzito asilifanye chakula cha kila siku, lina vitamini A nyingi mno, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mzee wa Kijiweni

Vijana wa siku hizi mnatutisha. Wazazi wetu wamekunywa chai na mihogo, chai na viazi, chai na wali wa jana, wakazaa watoto kumi. Leo chai imekuwa sumu?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Chai si sumu, na mtu mwenye chuma cha kutosha, anayepata nyama au samaki mara kwa mara, hana haja ya kuiogopa. Nazungumza na mwenye hedhi nzito, mjamzito, mtoto anayekua, ambao kila miligramu kwao ina hesabu.

Na hao wazazi, mzee, damu iliwasumbua. Lugha yetu inakumbuka. Neno safura lilikuwepo kabla ya mimi kuzaliwa. Mtu kapauka, kavimba uso na miguu, hana nguvu ya kuinua jembe, watu wanasema ana safura. Ni minyoo inayoingia kupitia nyayo ukitembea peku penye kinyesi, inang'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Ikiwa mingi, hakuna mboga itakayofidia inachonyonya. Mwenye safura anahitaji dawa ya minyoo, viatu na choo kizuri, halafu ndiyo chakula.

Mama Ntilie wa Ilala

Mimi napika. Wateja wangu wengi ni wali maharage, ugali dagaa, na asubuhi chapati maharage na chai. Nimesoma mpaka hapa nikaingiwa na wasiwasi, kumbe nawauzia chakula na kinachokizuia kwenye meza moja? Maharage naloweka usiku kucha na maji ya kulowekea namwaga, lakini nilikuwa nafanya hivyo kuokoa mkaa na kuzuia gesi.

Mleta mada

Dada, kuloweka na kumwaga maji ni sahihi kabisa. Unaokoa mkaa, na faiteti inapungua. Endelea hivyo. Kwenye sahani ya maharage tia kipande cha ndimu na kachumbari mbichi. Kwenye ugali weka dagaa hata wachache juu ya mchicha. Nyama na samaki, licha ya chuma chao wenyewe, vinasaidia chuma cha mboga iliyo sahani moja navyo kifyonzwe. Chai waipate saa moja kabla ya mlo au saa moja baada yake. Najua mteja wa asubuhi ana haraka. Huyo chapati na chai ale tu, na maharage yake ayale mchana kwa maji au juisi ya ukwaju.

Na unga wako wa ngano, angalia mfuko kama umeandikwa umeongezwa virutubishi. Kanuni za serikali za 2011 zilivitaka viwanda vikubwa viongeze madini chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Sembe ya mashine za mtaani mara nyingi haina.

Fundi wa Gerezani

Natia neno kidogo. Marehemu bibi alikuwa na chungu cha chuma kizito, mboga ikilala humo inakuwa nyeusi, tulikuwa tunaichukia. Je, kile chuma kinaingia mwilini?

Mleta mada

Kinaingia, fundi. Hasa ukipika kitu kichachu, nyanya au ukwaju. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Ethiopia: watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma waliongeza damu kuliko waliopikiwa kwenye sufuria za alumini. Sufuria zetu karibu zote ni alumini, haziongezi kitu. Tena ninyi mafundi mkitengeneza vyungu hivyo, tafadhali msitumie chakavu cha betri wala vyuma vilivyopakwa rangi. Madini ya risasi (lead) yakiingia kwenye mboga ni balaa jingine.

Mzazi wa Kigamboni

Mke wangu anapewa vidonge vya damu kliniki. Akimeza anatapika, choo kimekuwa cheusi, kagoma. Vinakaa kabatini.

Mleta mada

Pole sana mkuu, mwambie hayuko peke yake. Choo cheusi ni chuma kilichobaki bila kufyonzwa, hakina madhara. Kichefuchefu kinapungua akimeza usiku anapokwenda kulala, au baada ya chakula kidogo. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, asimeze kwa chai wala maziwa. Ikishindikana arudi kliniki aseme wazi kwamba ameacha. Wapo wanaobadilishiwa aina ya vidonge, wapo wanaopangiwa kumeza siku moja na kupumzika siku moja, na mimba ikiwa kubwa huku damu ikiwa chini sana kuna dripu ya madini chuma. Mhudumu ndiye atakayepanga. Nimeshawaona wanaoficha kwamba hawamezi, wanaongezewa vidonge juu ya vidonge, na namba haipandi.

Na hivyo vya kabatini vipandishe juu, vifungwe. Mtoto mdogo akimeza konzi ya vidonge vya chuma anaweza kufa. Vingine vina rangi kama pipi.

Mama wa Mbagala

Mwanangu ana mwaka na miezi minne, amepauka kidogo, hali vizuri. Duka la dawa wameniambia ninunue siropu ya kuongeza damu nimpe mwezi mzima. Ninunue?

Mleta mada

Mama, naomba usinunue bado. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu somo lenyewe lilitoka hapahapa kwetu, kisiwani Pemba.

Watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa makundi. Wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine vidonge visivyo na kitu. Ilitarajiwa kwamba wa chuma watastawi. Ikawa wale wa chuma wanalazwa kwa ugonjwa mkali au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Mwaka 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa, na matokeo yakachapishwa kwenye Lancet mwaka 2006. Pemba ya miaka ile ilikuwa na malaria nyingi mno, na vimelea pamoja na bakteria wengi hustawi wakipata chuma. Mwili unalijua hilo. Ukiwa na homa, ini hutoa homoni iitwayo hepisidini, nayo inafunga mlango wa utumbo chuma kisiingie na kukificha kilichopo ndani, wadudu wakikose.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Kwenye sehemu ya utafiti huohuo ambako watoto walipimwa na kutibiwa malaria vizuri, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa eneo la malaria apewe chuma sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria.

Kwa hiyo mpeleke akapimwe damu, malaria na minyoo. Wakisema apewe chuma, mpe kwa kipimo walichoandika. Na je, anakunywa maziwa ya ng'ombe kwa wingi? Watoto wa umri huo wakishiba maziwa hawali kingine, na maziwa hayana chuma cha maana. Akiba aliyozaliwa nayo inamfikisha miezi sita hivi, baada ya hapo anategemea sahani. Dagaa waliosagwa laini kwenye uji, yai, ini la kuku lililopondwa na viazi, nusu pera.

Baba wa Selimundu

Naomba niongeze, mleta mada ukiruhusu. Mwanangu ana selimundu (sickle cell). Kila ndugu anayekuja anabeba siropu ya damu. Nimechoka kueleza.

Mleta mada

Ungana nami kueleza tena, baba, hapa wanasoma wengi. Chembe za mtoto wa selimundu zinavunjika mapema sana, lakini chuma chake hakipotei, kinabaki ndani. Akiongezewa damu, kila chupa inaleta chuma kama miligramu 200 hadi 250, na mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa kilichozidi. Kinajikusanya kwenye ini na moyo. Mtoto huyo asipewe siropu ya chuma mpaka vipimo vionyeshe amepungukiwa chuma chenyewe. Asidi ya foliki aliyoandikiwa aendelee nayo. Ndugu wakitaka kumletea kitu, walete matunda.

Dereva wa Gongo la Mboto

Mimi ni mwanaume, miaka 46. Nimepimwa damu 9.2. Mgongo unanisumbua kwa kukaa kwenye usukani, nameza diklofenaki karibu kila siku. Wameniambia nile mboga za majani.

Mleta mada

Kaka, usiishie kwenye mboga. Mwanaume hana hedhi, hazai, mahitaji yake ni madogo. Akikutwa na 9.2 swali la kwanza ni damu inavujia wapi. Dawa za maumivu za jamii hiyo zinaweza kuchubua ukuta wa tumbo polepole, ukavuja kidogo kidogo bila maumivu makali. Choo chako kikoje? Kikiwa cheusi, kinanata kama lami, na humezi vidonge vya chuma, nenda hospitali leo. Mkojo una damu mwishoni? Ukanda wa pwani tuna kichocho. Una bawasiri? Mwambie daktari kuhusu hiyo diklofenaki, wala usiifiche. Kama choo si cheusi, basi kesho asubuhi kabla ya kushika gari, tafadhali.

Dereva wa Gongo la Mboto

Choo ni cheusi mkuu. Nilidhani ni mboga. Nakwenda.

Mleta mada

Nenda ndugu yangu, leoleo usingoje kesho. Na diklofenaki usimeze tena mpaka daktari akuone. Gari litapata deiwaka. Ukirudi tuandikie hapa.

Mama Ntilie wa Ilala

Wiki ya pili sasa natoa ndimu bure kwenye kila sahani ya maharage, na chai nimeihamishia saa nne na saa kumi. Wateja wawili walilalamika, wengine wamezoea. Mleta mada, mdogo wako anaendeleaje?

Mleta mada

Asante kwa kumkumbuka dada. Alianzishiwa vidonge, akapewa dawa ya minyoo, malaria ikapimwa haikuwepo. Chai anakunywa saa kumi na moja jioni, peke yake, na mama sasa hivi ndiye mkali wa kikombe kuliko mimi. Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa ile hamu. Kabla hata namba haijapanda, siku ya kumi hivi, aliniambia mchele mbichi haumwiti tena. Wiki ya nne nimempima mwenyewe: 9.8. Bado hajafika 11, na vidonge anaendelea navyo hata akifika, ili akiba ijae.

Jumapili mama alipika pilau. Mchele wa kopo ulitosha nyumba nzima.